Kingamwili, panya na mstari mmoja wa kodi

Najua nimepotea. Wiki tano nzima sijaandika kitu hapa, na baadhi yenu mmenitumia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kompyuta nikarudi kuchuma chai. Sijaacha. Niko hapa hapa Kisii mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la mitumba, na mvua inanyesha kila siku saa tisa alasiri kana kwamba kuna seva inayoiamrisha.

Kilichoninyamazisha ni aibu. Nilimwandikia mdogo wangu programu, nikakosea mstari mmoja, na kosa hilo nusura limharibie shahada yake. Nimeamua kulieleza hadharani kwa sababu ni kosa ambalo mtu yeyote anayeandika kodi (si ile ya nyumba) anaweza kulifanya akijiona mjanja. Makala haya yana seli, panya na sungura. Wale mliokuja kwa ajili ya Python vumilieni, mtafika :-)

Mdogo wangu ni mwanabiolojia. Tumekulia Nyamira, upande wa Nyansiongo, na sasa yuko ng'ambo kwa ufadhili akisoma shahada ya uzamili. Mwaka 2006 mama yetu mdogo alijifungua salama, kisha akapata maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Alipewa dawa. Daktari alimwambia mama maneno ambayo mdogo wangu, wakati huo mtoto wa shule ya msingi, hakuyasahau: bakteria wamepungua, sasa ni mwili wenyewe unaojiunguza. Siku mbili baadaye tulikuwa tunapanga mazishi. Kwa hiyo watu wakimuuliza kwa nini anasomea vifo vya seli za panya, huwa hawapi jibu refu, lakini mimi jibu nalijua.

Seli hufa kwa namna nyingi. Kuna kufa kwa utulivu: seli inajikunja, inajigawa vipande vidogo, majirani wanavimeza, na mtaa unaendelea na shughuli zake. Halafu kuna kufa kwa kelele. Seli ya ulinzi, kwa mfano ile inayoitwa makrofaji, ikigundua kwamba bakteria ameingia ndani yake, inajitoboa, inavimba na kupasuka, na wakati huo huo inatoa ishara za hatari zinazoita seli nyingine na kuleta homa na uvimbe. Mwaka 2001 Brad Cookson na Molly Brennan waliipa namna hii ya kufa jina la pairoptosisi, kutokana na maneno ya Kigiriki ya moto na kuanguka. Kwa kiasi kidogo ni jambo jema. Adui ananyimwa nyumba na kengele inalia. Zikipasuka nyingi mno kwa pamoja, moto unateketeza boma zima.

Kinachotoboa seli kilijulikana vizuri mwaka 2015 tu. Kundi la Shao Feng kule Beijing na kundi la watafiti wa kampuni ya Genentech kule Kalifonia walichapisha mwaka huo, kila moja kwa njia yake, kwamba protini iitwayo gasdamini D ndiyo mtekelezaji. Ikiwa nzima haina madhara. Kuna vimeng'enya viitwavyo kaspesi ambavyo kazi yake ni kukata. Vikiikata gasdamini D, kile kipande cha mbele kinakimbilia kwenye utando wa seli, kinaungana na wenzake na kufanya matundu. Panya waliofutwa jeni ya gasdamini D walidungwa sumu inayotoka kwenye ganda la bakteria, kwa kipimo kinachoua panya wa kawaida, wakapona. Mdogo wangu aliposoma hilo alinipigia simu usiku wa manane. Sikuelewa hata nusu, ila nilielewa kwa nini analia.

Sasa, utajuaje kwamba ndani ya tishu ya panya gasdamini D imekatwa? Huwezi kuiona. Unahitaji kitu cha kuitafuta kati ya maelfu ya protini nyingine, na kitu hicho ni kingamwili.

Wengi wetu tumeshika kingamwili bila kujua. Ukipanda milima ya Kisii na Nyamira utakuta mhudumu wa afya wa kijiji ana kile kipimo kidogo cha plastiki cha malaria. Anakuchoma kidole, anaweka tone la damu na matone ya dawa, mnangoja dakika kama kumi na tano, mistari inatokea. Sisi tuliokuwepo mwaka 2002, mlipuko wa malaria ulipoijaza wodi ya watoto wawili wawili kitandani, tunajua thamani ya kujibiwa haraka namna hiyo. Ule mstari ni kingamwili iliyonata kwenye karatasi ikisubiri protini moja ya kimelea, inayoitwa HRP2. Ikiwepo inanaswa, na rangi inaonekana.

Kwa lugha yetu ya kompyuta, kingamwili ni amri ya kutafuta neno ndani ya faili kubwa, na kama mnavyojua, amri ya kutafuta haina akili. Tafuta herufi «kali» katika gazeti la leo. Utapata kali uliyoitaka, lakini utapata pia makali, ukali, mkalimani na Kalifonia. Kingamwili haisomi protini nzima, inashika kipande kidogo tu cha umbo lake. Protini nyingine ikiwa na kipande kinachofanana, nayo inanaswa.

Na makosa yanaweza kwenda upande wa pili. HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kuonyeshwa bado mgonjwa. Mbaya zaidi, wako vimelea ambao jeni ya HRP2 imefutika kabisa. Waliripotiwa nchini Peru mwaka 2010, na Eritrea ilibidi ibadilishe aina ya vipimo mwaka 2016 kwa sababu wagonjwa halisi walikuwa wanaonekana wazima. Faili lilikuwepo, ila lile neno lilikuwa limeondolewa.

Kingamwili ya mdogo wangu ilitoka kwa sungura. Nilimuuliza kwa nini sungura wakati kazi yote ni ya panya, akacheka. Kwanza, mwili wa panya umefundishwa kutoshambulia protini zake wenyewe, hivyo ni vigumu kumwambia panya atengeneze kingamwili dhidi ya gasdamini ya panya. Pili, ili kingamwili ya kwanza ionekane unaiwekea ya pili inayoishika na kutoa mwanga. Ya kwanza ikiwa ya panya, hiyo ya pili itashika pia kingamwili zote za kawaida zilizomo kwenye tishu ya panya, na utapata picha nyeusi tii. Sungura anaondoa matata yote mawili. (Kichupa cha mikrolita 100, matone machache tu, kinaweza kukugharimu ndama. Mama hakuamini nilipomwambia.)

Kipimo chenyewe kinaitwa westan bloti. Jina ni utani wa wataalamu: Edwin Southern alibuni kipimo cha DNA mwaka 1975 kikaitwa kwa jina lake, ambalo maana yake ni «wa kusini». Wa RNA wakasema basi chetu ni cha kaskazini, na mwaka 1981 Neal Burnette akakiita cha protini cha magharibi. Unasaga tishu, unazipanga protini kwenye jeli kwa umeme, ndogo zinakimbia mbali na kubwa zinabaki nyuma, unazihamisha kwenye karatasi maalumu, kisha unamwaga kingamwili. Unapata picha yenye safu, safu moja kwa kila panya, na ndani ya safu kuna mistari meusi. Gasdamini D nzima inakaa karibu na kilodaltoni 53. Kipande kilichokatwa kinakaa karibu na 30. Ukiona mstari pale kwenye 30, kisu kimepita.

Hapo ndipo nilipoingia. Alikuwa na picha zaidi ya mia na alikuwa anapima weusi wa mistari mmoja mmoja kwa mkono. Akaniuliza, «Kaka, huwezi kuniandikia kitu?» Kuna kaka gani wa Kigusii atakayesema hawezi? Wikendi mbili nikawa nimemaliza. Programu inafungua picha, inagawa safu, inatafuta mistari ya 53 na 30, inajumlisha weusi wa pikseli na kutoa jedwali. Nilijivuna sana. Kazi ya saa sita ikawa ya sekunde arobaini.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kila picha aliweka safu moja ya panya waliofutwa jeni ya gasdamini D. Mimi nikaangalia, nikajiambia: hii safu haina kitu, hii ni sifuri yangu. Wanaotoka kwetu mnajua kituo cha kununulia chai. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anatoa uzito wa gunia, kinachobaki ndicho cha mkulima. Nikafanya hivyo hivyo. Safu ya panya wasio na jeni nikaifanya gunia tupu, nikaitoa katika safu zote nyingine.

Nilipoiendesha mara ya kwanza, namba kadhaa zilitoka hasi. Panya wenye afya, kwenye ule mstari wa 30, walikuwa na -212, -340, namna hiyo. Msomaji, protini haiwezi kuwa hasi. Huwezi kuwa na upungufu wa ugali kwenye sahani tupu. Ilikuwa saa saba usiku, umeme ulikuwa umekatika mara mbili, betri ilikuwa asilimia tisa. Nikaandika mstari mmoja: kama ni chini ya sifuri, weka sifuri. Jedwali likapendeza. Panya wazima sifuri, sifuri, sifuri, na panya waliodungwa sumu namba kubwa kubwa. Nikamtumia, nikalala.

Kwa miezi minne alitumia programu yangu. Alitengeneza michoro, msimamizi wake akafurahi, ikisiri ikatumwa kwenye kongamano. Ufadhili wake ulikuwa unakaguliwa mwaka huo na michoro ile ilikuwa ndani ya ripoti.

Kosa sikuligundua kwa werevu. Nililigundua kwa sababu yenu. Nilitaka kuiweka kodi ile hapa mjifunze kushughulikia picha, na kwa kawaida yangu naandika maelezo ya Kiswahili juu ya kila mstari. Nikafika kwenye ule wa sifuri. Nikaandika: «hapa tunaondoa namba hasi kwa sababu...» Nikakaa. Nikaenda kuchemsha chai, nikarudi. Sikuwa na sababu ya kuandika.

Nikaufuta mstari, nikaendesha upya, safari hii kwa faili halisi za maabara. Zile za mwanzo alikuwa amenitumia kwa ujumbe wa simu, na ujumbe wa simu hubana picha ili kuokoa bando. Picha ya maabara ina viwango 65,536 vya weusi. Ikibanwa vinabaki 256, na mistari hafifu inamezwa. Katika faili halisi nikaikuza safu ya panya wasio na jeni, nikaongeza mwanga. Ulikuwepo. Mstari mwembamba, wa kijivu, karibu kabisa na 30, ndani ya panya ambao hawana gasdamini D hata chembe.

Yaani kingamwili ilikuwa inanasa mkalimani. Kulikuwa na protini nyingine ya ukubwa ule ule, na sehemu ya namba zetu kubwa haikuwa gasdamini. Halafu protini hiyo haikuwa sawa katika kila panya, ndiyo maana kuitoa kwa mkupuo kulileta hasi. Gunia langu tupu lilikuwa na mawe ndani, na mimi nilikuwa nayapima na kuwakata wakulima wote kwa uzito wake.

Nilimpigia simu asubuhi kabla sijanawa uso. Nilieleza haraka haraka kama mtu anayekiri wizi. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika.

«Kaka,» akasema, «ile safu niliiweka ili inionyeshe kama kingamwili inadanganya. Ndiyo kazi yake peke yake.»

«Najua sasa.»

«Wewe ukaitumia kufuta ushahidi.»

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Kisha akasema na yeye ana makosa, alipaswa kuziangalia picha kwa macho yake badala ya kuamini jedwali, na kwamba anaenda kumwambia msimamizi siku hiyo hiyo. Nikamuuliza kama ni lazima, angalau asubiri ukaguzi wa ufadhili upite. Swali hilo nalijutia kuliko ule mstari wa kodi. Akaniuliza kama ningependa daktari wa mama mdogo afanye hivyo. Akakata simu.

Aliiondoa ikisiri. Ukaguzi ukaahirishwa. Kwa bahati sampuli zilikuwa zimehifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuhitaji kuua panya wengine. Wakaagiza kingamwili nyingine. Ya kwanza ilikuwa mchanganyiko: sungura anatengeneza kingamwili za aina nyingi, kila moja ikishika mahali pake, na unazichota zote pamoja. Ya pili inatoka kwenye ukoo mmoja wa seli, zote zinashika mahali pamoja, na ilikuwa imeshajaribiwa kwa panya wasio na jeni. Ufundi wa kupata kingamwili za ukoo mmoja ulibuniwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein kule Cambridge, kwa kuunganisha seli za panya na seli za saratani, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Wiki hizo tano nilikuwa nasoma, maana usingizi haukuwepo. Nikakutana na kisa kilichonifariji na kunitisha kwa pamoja, na nikamtumia.

Mwaka 1995 watafiti walitengeneza panya wasio na kaspesi-1, mojawapo ya vile vimeng'enya vya kukata. Panya hao walistahimili sumu ya bakteria, na dunia ikahitimisha kwamba kaspesi-1 ndiyo inayoua. Panya wakasambazwa maabara nyingi, makala yakaandikwa kwa mamia. Mwaka 2011 Nobuhiko Kayagaki na wenzake wa Genentech wakaonyesha kwamba panya hao walitengenezwa kwa seli za kundi la panya liitwalo 129, na kundi hilo lina herufi tano zilizopotea katika jeni ya jirani, kaspesi-11. Jeni hizo mbili zimekaa karibu mno kwenye kromosomu, hata ukiwazalisha panya vizazi na vizazi na kundi jingine haziachani. Kwa hiyo miaka 16 kila aliyedhani amezima swichi moja alikuwa amezima mbili. Na katika kifo cha ile sumu, iliyokuwa na hatia kubwa ni kaspesi-11. Mtengeneza programu yeyote aliyewahi kubadilisha faili mbili kisha akasifu moja kwa kuondoa hitilafu anaelewa.

Nikasoma pia kazi ya mwaka 2023 ambapo kingamwili 614 zinazouzwa madukani, za protini 65, zilijaribiwa kwa seli zisizo na jeni husika. Nyingi zilifeli, na baadhi ya zilizofeli zilikuwa zimeshatumika katika makala yaliyochapishwa. Mdogo wangu alijibu kwa neno moja: «Nilijua.» Lakini aliweka na kicheko, nikapumua.

Matokeo mapya yalitoka Alhamisi iliyopita. Tofauti kati ya panya wazima na wagonjwa bado ipo, ila ni ndogo kuliko ile tuliyoisherehekea. Panya wazima hawana sifuri safi, wana kidogo. Safu ya wasio na jeni sasa haina kitu kwenye 30, hata ukiongeza mwanga hadi picha ichakae. Msimamizi amekubali. Ufadhili watajibu mwezi ujao.

Jumapili nilipanda matatu hadi Keroka, kisha pikipiki hadi nyumbani. Mama alikuwa anapeta mahindi. Anajua kwamba kazi ya binti yake inahusu ugonjwa uliomchukua mdogo wake, zaidi ya hapo panya kwake ni wezi wa ghala. Aliniuliza kama ni kweli mlisema kitu halafu mkakirudisha. Nikamweleza habari ya gunia.

«Kwa hiyo wewe, tata, ndiwe ulikuwa karani?»

«Ndiyo, Mama.»

Aliendelea kupeta. Baada ya muda akauliza kama mdogo wangu anakula vizuri huko.

Kodi mpya nitaiweka hapa Ijumaa, umeme ukiruhusu. Ule mstari wa sifuri haupo. Badala yake, programu ikikuta namba hasi, au ikikuta chochote kwenye safu ya panya wasio na jeni, inasimama na kukuonyesha picha, na haiendelei mpaka ubonyeze mwenyewe kwamba umeiangalia. Mdogo wangu analalamika kwamba inamchelewesha. Jana ilisimama mara mbili: mara moja ilikuwa vumbi kwenye picha, na ile nyingine bado anaichunguza.